Suti ya Kwenda kwa Daktari

Mama yangu alituogesha kwanza kabla ya kutupeleka zahanati. Hata kama mtoto anatetemeka kwa homa, angemwogesha, angempaka mafuta, angemvika nguo ya kanisani, ndipo safari ianze. Zahanati ya misheni ilikuwa mbali na kwetu huko magharibi mwa Kenya, na tulifika tumejaa vumbi tena mpaka magotini, lakini hilo halikumsumbua. "Daktari akikuona mchafu," alisema, "atafikiri huna wenyewe." Nilikua nikiamini hivyo bila kuuliza. Kwa daktari unakwenda na nguo yako bora.

Kwa hiyo asubuhi ile binti yangu aliposhikwa na homa mjini Kampala, sikwenda hospitali moja kwa moja. Nilipitia nyumbani Bwaise kuvaa suti.

Ilikuwa suti ya Kaunda, rangi ya kijivu, mikono mifupi, mifuko minne. Sikuinunua. Alinipa Meja. Meja ndiye aliyekuwa mwenye kiwanda cha mikate nilichofanyia kazi kule Kawempe. Zamani kiwanda kilikuwa cha Mhindi mmoja mwenye mdomo mchafu, aliyenifundisha kila ninachokijua kuhusu hamira na moto. Wahindi walipofukuzwa nchini, serikali ya jeshi iligawa maduka na viwanda vyao, na chetu kikamwangukia Meja. Meja hakujua mkate unaokwaje. Alijua unavyoliwa tu, na haukupita muda suti zake zikaanza kumkataa tumboni. Akanigawia moja. Nilimshukuru sana, nikaitundika nyuma ya mlango nikaifunika shuka, na niliivaa Jumapili peke yake.

Mke wangu hakuwapo. Alikuwa amekwenda Kenya kumzika baba yake, akaniachia mtoto kwa sababu alikwisha kumwachisha ziwa, na barabara ilikuwa na vizuizi vya askari kila mahali. Tulikubaliana atarudi matanga yakiisha. Kisha serikali zetu mbili zikakosana, mpaka ukafungwa, na yeye akabaki upande ule bila hata salamu kunifikia. Nikawa baba na mama wa msichana wa miaka miwili, katika mji ambao sikujua lugha ya wenyeji. Kiganda changu kiliishia sokoni. Mengine yote nilisema kwa Kiswahili, na Kiswahili pale Kampala, wakati ule, kilikuwa na wenyewe: wanajeshi na polisi. Nililijua hilo kama mtu anavyojua habari za jirani. Sikufikiri linanihusu.

Kuhusu madaktari, mimi na mke wangu hatukuwahi kukubaliana. Yeye alikuwa na majani yake, na mizizi aliyotumiwa na mama yake ikiwa imefungwa kwenye gazeti, na alisema daktari hakuambii ukweli, anakuambia neno la kukufanya uondoke. Mimi nilimcheka. Mimi nilikuwa mtu wa sindano. Dawa ya kunywa niliiona kama kumpa mgonjwa pole tu. Mgonjwa asipochomwa, kwangu alikuwa bado hajatibiwa. "Siku mtoto akiugua wewe hupo," nilimwambia kwa majivuno, "utaona nitakavyompeleka kwa wasomi." Basi siku ilikuja, naye hakuwapo.

Mtoto alikuwa amelala kiwandani, juu ya magunia matupu karibu na tanuri, kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Asubuhi nilimkuta anawaka, anapumua kwa haraka, kila pumzi ina mguno mdogo. Meja alikuwa ndiyo kwanza anafika. Alimtazama, akanitazama, akapandwa na hasira.

"Mutoto iko mgonjwa namna hii, wewe nasimama tu? Dereva! Peleka hawa hospitari, mbio!"

Sitamsema Meja vibaya kwa siku hiyo. Dereva alitupeleka kwa gari lake kubwa jeusi, na tulipofika Bwaise nikamwomba asimame. Nikamwosha mtoto uso, nikamvika gauni lake la Krismasi, nikavaa suti. Nikavaa na miwani ya jua, maana mwoka mikate hukesha na moto, na mwangaza wa mchana unamchoma macho. Viatu nikavifuta kwa kitambaa. Nilijiona mtu kamili. Mama yangu angeniona, angefurahi.

Pale hospitali kulikuwa na akina mama wengi wamekaa kwenye mabenchi, wengine chini, kila mmoja na mtoto wake. Nilishuka, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyezoea kelele za mashine, kwamba mtoto wangu ni mgonjwa na ninamtaka daktari. Mabenchi yakanyamaza. Muuguzi mmoja akaja karibu akikimbia, akapiga magoti kunisalimu kama wanawake wa Kiganda wanavyowasalimu wanaume, akanipitisha mbele ya wote. Hakuna mama hata mmoja aliyenung'unika. Nilisema moyoni: mama yangu alijua, kumbe nguo ni kitu.

Daktari alikuwa mwanamume mwembamba, bado kijana, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Wenzake wengi walikwisha kuondoka nchini, nilisikia baadaye, na wodi nzima ya watoto ilikuwa juu yake. Alimsikiliza mtoto kifua kwa muda mrefu. Akasema ni homa ya mapafu, lakini nisiwe na wasiwasi.

"Tutaangalia yeye vizuri, ssebo," alisema, akiniita bwana kwa Kiganda. "Atapona."

Nikamwuliza mbona hamchomi sindano. Alimtazama muuguzi. Muuguzi alitoka, akakawia, akarudi na sindano, akamchoma mtoto pajani. Mtoto akalia, nami nikatulia. Hapo ndipo nilipojua tumeanza kutibiwa.

Wodi ya watoto haikuwa mahali pa baba. Akina baba walikuja jioni na kichana cha ndizi, wakasimama mlangoni kama wageni, wakaondoka. Waliolala pale ni akina mama, kwenye mikeka kando ya vitanda. Nje nyuma ya wodi walipika pamoja, wakasogeza sufuria zao kwenye sigiri moja kwa sababu mkaa ulikuwa haba, wakagawana kipande cha sabuni. Mmoja akienda msalani, mwenzake anamshika mtoto. Niliwasikia wakicheka, wakiulizana habari za watoto wao, wakilaumu bei, wakibembeleza. Mimi ndiye mwanamume pekee aliyeruhusiwa kulala pale, na hata hilo niliona ni huruma ya muuguzi kwa mtu ambaye mkewe yuko mbali.

Nikiingia tu, kicheko kinakatika. Nikisema, "Habari zenu, akina mama," wanajibu wakitazama sakafu. Nikipeleka sufuria yangu kwenye sigiri, wote wanaondoa zao, wananiachia moto wote, wanasimama pembeni kungoja mpaka uji wangu uchemke. Niliwaambia turudishe sufuria zote, moto ni wetu sote. Wakasema ndiyo, ssebo, na hakuna aliyesogea. Nilikoroga uji wangu peke yangu mbele ya wanawake wote wale waliosimama kimya, na sijawahi kujisikia mpweke namna ile, hata nilipokuwa mgeni kabisa Kampala. Usiku hakukuwa na wa kumwuliza kama mtoto wake naye anaguna hivi. Nilimkumbuka mke wangu mpaka nikamkasirikia.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mama kijana mwenye gomesi la zambarau, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, na mtoto wa kiume aliyelingana na wangu. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Vifua vyao viliinuka na kushuka kwa haraka ileile. Nilidhani jambo hilo lingetuunganisha. Dereva aliponiletea mkate wa moto kutoka kiwandani nilimkatia nusu, nikampa kwa mikono yangu. Alipiga magoti akaupokea, akashukuru, akauweka chini ya kitanda. Ulikaa pale mpaka ukawa mgumu. Hakuula, wala hakumpa mwanawe. Nilikasirika kwelikweli. Mkate wangu! Watu walikuwa wanapanga foleni alfajiri kwa mkate ule.

Kila siku nilipiga pasi suti yangu. Niliomba pasi ya mkaa kwa mlinzi wa lango, naye akanipa kabla sijamaliza kuomba. Nilitaka daktari anapopita anikute nadhifu, asije akafikiri mtoto huyu hana wenyewe. Na daktari alipopita alimsikiliza mtoto, akanitolea tabasamu.

"Iko maendeleo nzuri, ssebo."

"Na hii kuguna?"

"Hiyo itatoka tu. Kidogo kidogo."

Lakini macho yangu yaliona mengine. Mbavu za binti yangu zilikuwa zinazama ndani kila akivuta hewa. Pua zilipanuka. Aliacha kulia akichomwa sindano. Alinitazama tu, kana kwamba ananiuliza ni nani huyu. Nikajibishana na nafsi yangu: wewe ni mtu wa unga na maji, daktari amesoma, amesema kuna maendeleo, basi yapo. Nilikuwa tayari kuyakana macho yangu kuliko kumtilia shaka mtu mwenye koti jeupe. Hiyo ndiyo ilikuwa dini yangu. Mke wangu angekuwapo angekwisha kumbeba mtoto na kutoka zamani, na hilo nalo nilikuwa nalijua.

Ikafika asubuhi ambayo mtoto hakuweza kumeza hata maji. Yalitoka pembeni mwa mdomo, na midomo yenyewe ilikuwa imebadilika rangi. Daktari alipita, akamsikiliza, akafungua kinywa kusema. Nikajua atakachosema. Nikamfuata mpaka kwenye chumba chake kidogo mwisho wa wodi, nikaingia bila kubisha hodi, nikapiga kelele. Mimi nikikasirika huwa sichagui maneno. Nilimwambia anasema uongo, kwamba mtoto wangu anakufa mbele yangu na yeye ananichekea, na nikapiga meza kwa kiganja.

Aliinuka akafunga mlango. Kisha akavua saa ya mkononi, akaiweka juu ya meza mbele yangu, taratibu.

"Hii mutampa muke wangu," alisema. "Kama ni kunichukua, afande, nimekubali. Lakini kwanza sikia. Dawa hakuna. Tangu hata ukuje hapa, hakuna. Hiyo sindano ni maji. Muuguzi aliogopa kukuambia, na mimi pia niliogopa. Ukisema hospitari ya serikari haina dawa, unapotea. Lakini huyu mutoto atakufa, na mimi siwezi kuendelea. Ondoa yeye leo. Peleka ng'ambo ile ya mji, kwa hospitari ya watu wa dini. Wao wanaletewa dawa kutoka nje. Enda sasa."

Nilitazama saa ile mezani. Nikatazama suti yangu, pasi imenyooka kwenye mikono, na miwani niliyoishika mkononi. Basi nikayaona yote kwa mara moja: gari jeusi la Meja, Kiswahili changu, mabenchi yaliyonyamaza, sufuria zilizoondolewa kwenye sigiri. Wanaume wa usalama wa serikali waliokuja kuchukua watu mchana kweupe, wakawatia kwenye buti za magari, walivaa hivi. Walisema hivi.

"Afande gani?" nilisema. "Mimi naoka mikate! Mimi ni Mkenya, naoka mikate Kawempe." Nikamwonyesha mikono yangu, alama za kuungua na trei kutoka kiganjani hadi kiwiko.

Alizitazama alama zile. Akatabasamu tabasamu lilelile la wodini.

"Ndiyo," alisema. "Peleka mutoto."

Sikuwa na nafasi ya kubishana. Dereva wa Meja alikuwa nje, amekuja kuuliza habari za tanuri. Nilimfunga mtoto kwa kanga ya mama yake. Nikasimama kwenye kitanda cha jirani, nikamwambia yule mama wa gomesi la zambarau, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili na kwa vipande vya Kiganda changu kibovu, kwamba hapa hakuna dawa, gari lipo, amchukue mwanawe twende wote. Alimshika mtoto wake kwa mikono miwili akarudi nyuma mpaka ukutani. Alitikisa kichwa, akatikisa tena, macho yamemtoka. Wodi nzima ilikuwa inatutazama. Nani angepanda gari lile na mtu kama mimi? Nilimwelewa, na kumwelewa hakukusaidia kitu. Niliondoka na wangu.

Katika hospitali ile ya ng'ambo ya mji nilimkuta daktari mwanamke, mtu mzima, mkali. Alimvua binti yangu gauni la Krismasi, akatazama kifua, akanigeukia.

"Umekaa naye wapi muda wote huu, baba? Huyu mtoto amechelewa sana. Anaweza kufa leo."

Nikakaa pale pale sakafuni nikalia. Wauguzi walidhani ni uchungu, na ulikuwapo, sikatai. Lakini nililia pia kwa sababu mtu amenigombeza. Tangu mtoto augue, huyo ndiye alikuwa wa kwanza kusema nami kama baba wa mtoto mgonjwa.

Hakufa. Alichomwa penisilini ya kweli, akalia kwa hasira zake zote, na sauti ile ya kilio niliipokea kama habari njema. Baadaye mguno ukapungua, kisha ukaisha, akataka maji, akataka mkate. Mke wangu alipopata njia ya kurudi alimkuta anacheza uani, amekonda tu. Nilimsimulia yote. Akasema, "Si nilikuambia hawasemi ukweli?" Nikamwambia mmoja alisema. Yeye majani yake aliendelea kuyachemsha, na mimi niliendelea kumpeleka mtoto kwa daktari. Ila tangu hapo nilikwenda na suruali ya kazini, na nilijifunza Kiganda mpaka ulimi ukauma.

Lakini kabla mke wangu hajarudi, mara tu mtoto alipoanza kula, nilikwenda kumshukuru yule daktari. Nilioka mikate mwenyewe, nikatumia unga mweupe uliowekwa kwa ajili ya wakubwa wa Meja. Suti sikuivaa. Nilikwenda na nguo za kiwandani, zimeganda unga, kofia ya karatasi kichwani, kwa miguu kutoka barabarani, ili wote waone mimi ni nani.

Chumba chake kilikuwa wazi na kitupu. Muuguzi aliyezoea kunipigia magoti alipiga magoti tena. Nikamwuliza daktari yuko wapi. Akasema yuko likizo. Nikamwuliza atarudi lini. Alianza kulia bila sauti. Mlinzi wa lango ndiye aliyeniambia, akitazama pembeni: siku ileile niliyompigia kelele, daktari alikwenda nyumbani, akachukua mke na watoto, na hawakuonekana tena. Wengine walisema wamevuka kwenda Kenya, wengine walisema hawakufika. Hakuna daktari mwingine aliyeletwa. Alikuwa ameniambia ukweli, akaona mikono yangu iliyoungua, na hakuniamini.

Nikaingia wodini na kikapu changu. Vitanda vilikuwa vimejaa, vingine watoto wawili wawili. Niliweka mkate kwenye kila kitanda, nikisema mimi ni mwoka mikate, ni wa kwangu, kuleni. Walipokea wakitazama sakafu. Yule mama wa gomesi la zambarau bado alikuwapo. Mwanawe alikuwa mgongoni kwake, kichwa kimelala upande, na niliusikia ule mguno kabla sijamfikia.

Alipiga magoti. Safari hii alinitazama usoni, na nikaona amejikaza kwa nguvu zake zote ili aweze kunena na mtu kama mimi.

"Afande," alisema, "tunakuomba, tuludishie daktali wetu. Hapa hakuna mutu amesema kitu mbaya. Watoto wanaisha."

"Mama, sikumchukua," nilisema. "Wallahi, sikumchukua mimi. Lete mtoto, nitakupeleka kwenye dawa. Twende hata kwa miguu."

"Ndiyo, afande," alisema, akabaki amepiga magoti, akingoja nimtajie siku nitakayomrudisha daktari.